Chuo Kikuu na Watu wa Ziwa

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma, kwenye mwambao huu huu wa Ziwa, ikaamua kwamba kijana amalizaye kidato cha sita asiende Chuo Kikuu moja kwa moja. Kwanza alitumikie Taifa, afanye kazi miaka miwili, kisha mwajiri wake na tawi la Chama wamshuhudie.

Chuo chenyewe kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Dar es Salaam, chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kiliingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Julai 1, 1970 kikawa cha Taifa, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wake.

Utaratibu wa Musoma haukudumu, wala hatuulilii: tawi liliweza kumpendelea ndugu na kumkomoa adui. Lakini mtu wa Nansio alikuwa na neno. Leo, kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, neno ni la Tume, Baraza la Chuo na Seneti. Hapa Mwanza, Mtakatifu Augustino, pale Malimbe, na kile cha Bugando ni vyuo vya Maaskofu Katoliki.

Kwa hiyo twawaomba wahusika Serikalini, wanapoteua wajumbe wa Mabaraza ya vyuo vya umma, wamtafute pia mwalimu wa Ukara au Kome, ajuaye nini humkwamisha msichana wa kisiwani baada ya kidato cha nne.