Nguo za watoto nyumbani: hela inapopotelea

Swali hili tunaulizwa mara nyingi, hasa na dada zetu wa Maskati na Doha: nina akiba kidogo, mdogo wangu nyumbani anajua kushona, tufungue biashara ya nguo za watoto? Jibu letu ni ndiyo, ila sio kwa njia ambayo wengi huanzia. Wawili kati yetu tunaoandika hapa ni ndugu wa tumbo moja na tuna biashara hiyo Tanga, kwa hiyo mengine tunayoyasema yametuuma wenyewe.

Wengi huanza na vitu vya kuonekana. Inatumwa hela ya cherehani mpya, ya kabati la vioo, ya kodi ya fremu miezi sita, halafu ya kitambaa haipo. Nasi tulifanya hivyo hivyo. Mwaka wa kwanza fremu ilipendeza kuliko nguo zilizomo. Cherehani moja nzima na meza ya kukatia pale sebuleni vingetosha kabisa.

Kosa la pili ni kushindana na mitumba. Tusidanganyane, huwezi. Fulana ya mtumba inauzwa bei ambayo hata uzi na ufundi wako havirudi. Ya kiwandani kutoka China nayo inakuja na katuni kifuani, na mtoto akiiona analilia hiyo. Na usije ukamwambia fundi aiige hiyo katuni, ina mwenyewe.

Kilichotuokoa kilitoka nyumbani. Mpwa wetu alichora kuku na vifaranga nyuma ya daftari la hesabu. Mama yake, badala ya kumchapa, akakata maumbo yale kwenye vipande vya kanga vilivyobaki, akavishonea juu ya mfuko wa gauni. Yale magauni sita yaliisha kabla ya mengine yote. Tangu hapo tunachukua michoro ya watoto wa nyumbani: mashua, bibi anasuka ukili, paka juu ya jiko la mkaa. Mzazi anaponunua ananunua kitu ambacho hakiko kwenye marobota ya mitumba. Mchoraji wetu tunamlipa madaftari na kalamu za rangi, na anadai kwa wakati.

Wengine wanapenda picha za Tingatinga, mtindo aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni nzuri kwa watoto, zimejaa wanyama. Ila ile rangi ya mafuta inayong'aa ubaoni, kwenye nguo inakakamaa na kupasuka. Mwambie mchoraji atumie rangi ya kitambaa. Tena kununua picha yake moja hakukupi ruhusa ya kuichapa kwenye magauni 200. Kubalianeni malipo kwa maandishi, hata karatasi moja yenye sahihi mbili.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo hela inapopotelea. Bei zinabadilika, kwa hiyo weka za sokoni kwako. Huu ni mfano tu. Kitenge cha yadi 6 kwa sh. 24,000, ukikikata vizuri kinatoa magauni 6 ya mtoto wa miaka mitatu. Kitambaa basi ni 4,000 kwa gauni. Uzi, lastiki na vifungo 1,000. Urembo wa mfukoni 1,000. Mfuko na nauli 500. Ufundi 4,000. Jumla 10,500. Ukiuza 15,000 umepata 4,500.

Wengi wanafuta ule ufundi kwa sababu anayeshona ni mdogo mtu. Wanaona faida 8,500, wanafurahi. Lakini mdogo mtu anakula, ana watoto, na asipolipwa atajilipa. Sio wizi, ni njaa. Sisi tulikuja kugundua mtaji wa miezi minane umeliwa kidogo kidogo, unga leo, dawa kesho, na tukagombana kwenye simu mpaka mama akaingilia kati. Kosa lilikuwa letu. Siku hizi analipwa kwa kila nguo iliyokamilika, na hela ya nyumbani inatumwa mbali, kwa namba nyingine ya simu. Shangazi akitaka gauni la mwanawe, tunalinunua sisi kutoka hela yetu ya mfukoni na linaandikwa kama limeuzwa.

Saizi nazo zinameza mtaji. Saizi tano kwa rangi nne ni aina ishirini, na nusu yake italala. Anza na saizi tatu, rangi mbili. Acha upindo mpana chini, maana mama wa kwetu ananunua nguo ya mtoto kukua nayo. Kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa, kama kinachuja rangi au kupungua ujue mapema. Vifungo vivutwe kwa nguvu kabla nguo haijatoka, kwa sababu mtoto mdogo huweka kila kitu mdomoni. Kamba za shingoni msiweke kabisa.

Kutuma: ada ya kutuma mara nyingi ni ile ile kwa hela ndogo na kubwa, kwa hiyo riali kumi kumi kila wiki ni hasara. Tuma mara moja kwa mwezi, kitambaa cha mwezi huo tu. Kwa Idi, kazi ianze Shaabani. Mfungo ukishaingia mafundi wote wamejaa na bei ya vitambaa inapanda. Sisi kila Ijumaa tunatumiwa picha ya ukurasa wa daftari: zimeshonwa ngapi, zimeuzwa ngapi, nani anadaiwa. Picha isipokuja, hela ya kitambaa haiendi.

Na wewe uliyeko huku, ukija na magauni kwenye begi, wape zawadi wenzako. Usianze kuyauza mtaani wala kwenye nyumba za watu. Kibali chako ni cha kazi uliyoletewa, na kesi ya namna hiyo inaweza kukurudisha nyumbani kabla hujamaliza mkataba.