Mfuko Usio na Picha

Wanangu, siku mkipita kwenye meza za midoli ya mtumba, iwe Karume pale Ilala au Gikomba kule Nairobi, chungulieni chini ya magari yasiyo na magurudumu na wanasesere waliokatika mikono. Mara nyingine hapo chini pamelala mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, umejaa vipande vidogo vya kadibodi vya kila rangi. Hiyo ni picha. Mtu fulani, mahali fulani, aliwahi kuiona nzima mezani kwake, akaibomoa, boksi likachanika njiani, na sasa hakuna ajuaye ni picha ya nini. Hata muuzaji hajui, na bei yake anaikisia tu.

Mimi mfuko wa namna hiyo siupiti. Muuzaji mmoja wa Karume aliniambia kwa uungwana kabisa, "Mzee wangu, sikudanganyi, huo sijui kama vimetimia." Nikamwambia, "Nipe hivyo hivyo, mwanangu." Ukinunua boksi jipya dukani, picha iko juu ya kifuniko, idadi imeandikwa ubavuni, na vipande vyote vimo. Kazi yako ni kufuatisha. Mfuko wa mtumba unakuja na maswali matatu: ni picha ya nini, vipande ni vingapi, na je, vimetimia? Kwangu mimi utamu wote umo katika maswali hayo.

Na mjue kwamba mchezo huu haukuzaliwa na kifuniko chenye picha. Katika miaka ya 1760 huko London kulikuwa na kijana aitwaye John Spilsbury, fundi wa kuchonga ramani kwenye mabamba ya shaba ili zichapwe. Alichukua ramani, akaibandika juu ya ubao mwembamba wa mahogani, kisha akaikata kwa msumeno mdogo akifuata mipaka ya nchi. Mtoto alimwagiwa nchi mezani azirudishe kila moja mahali pake, na kwa njia hiyo akajifunza jiografia. Spilsbury aliuza ramani ya dunia, za England na Wales, Scotland na Ireland, na za mabara manne: Ulaya, Asia, Amerika, na Afrika yetu pia. Vipande vyake havikuwa na vichwa na matundu ya kushikana kama vya leo. Vilikaa kando kwa kando tu, na ukiigusa meza bara zima linahama.

Mahogani ilikuwa ghali, kwa hiyo ramani hizo zilikuwa za watoto wa matajiri. Hata watoto wa Mfalme George III walifundishwa kwa ramani za vipande na mlezi wao, Lady Charlotte Finch. Lakini Spilsbury alifanya jambo moja ninalolipenda sana. Kwa wasiomudu bei kamili aliuza ramani zisizo na bahari. Nchi zimo zote, maji yameachwa, ubao umepungua na bei imepungua. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa walikuwapo watoto waliocheza na picha yenye pengo, na hakuna aliyeona kuwa mchezo umeharibika. Spilsbury mwenyewe hakuishi kuona kazi yake inavyosambaa. Alifariki mwaka 1769, akiwa na umri wa miaka 30 hivi.

Sasa turuke hadi Marekani ya miaka ya 1930. Uchumi ulikuwa umeanguka, viwanda vimefungwa, mamilioni hawana kazi. Ungedhani watu wataacha kununua vitu vya kuchezea, lakini kwa picha za vipande mambo yalikwenda kinyume. Viwanda vilikuwa vimeanza kukata vipande vya kadibodi kwa mashine, bei ikashuka hadi senti 25, na kila wiki picha mpya ikawa inauzwa kwenye vibanda vya magazeti. Mapema mwaka 1933 zilikuwa zinauzwa milioni 10 kwa wiki moja. Mafundi waliokosa ajira nao walikata za mbao nyumbani kwao, wakaziuza au kuzikodisha. Ndiyo, kuzikodisha! Maduka ya dawa na maktaba zilikuwa na picha za kukodi. Familia inachukua, inaunga, inabomoa, inarudisha, na familia nyingine inabeba.

Hilo linawezekana kwa sababu picha ya vipande haichakai kama shati. Ukishaibomoa imerudi kuwa fumbo kamili, na kwa mtu ambaye hajaiunga ni mpya kabisa, hata kama imepita mikono mia. Uingereza ipo maktaba iliyoanzishwa mwaka 1933, inaazimisha picha za mbao kwa wanachama wake, na visanduku vyake havina picha juu. Malkia Elizabeth II alikuwa mlezi wa maktaba hiyo. Kwa hiyo mtoto anayemwaga mfuko wa Karume kwenye mkeka asijione mnyonge. Anacheza kama malkia alivyocheza.

Haya, tumwage huo wetu.

Tandika shuka au kanga chini, ya rangi moja kama ipo, ili vipande visijifiche kwenye maua. Vifute kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo tu na kukamuliwa sana. Usivioshe. Kadibodi ikinywa maji huvimba, na karatasi ya picha hubanduka. Ukikuta kifungo cha nguo au kete ya ludo, weka kando.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: vigeuze vyote kifudifudi na utazame migongo. Mbele vipande hudanganya, mgongo hausemi uongo. Mfuko wangu wa Karume kwa mbele ulionekana ni wa picha moja, buluu na kahawia tupu. Nilipovigeuza, vingine vilikuwa vya kijivu, vinene, vinakwaruza kidole. Vingine vilikuwa na ukijani kwa mbali, vyembamba, laini. Picha mbili ndani ya mfuko mmoja! Nikavitenganisha. Vya kijivu vilikuwa vichache, na nilivyoweza kuvishikanisha vilitoa sikio la farasi, jicho lake moja na kipande cha hatamu. Farasi aliyebaki yuko mahali ambapo sitapajua kamwe, labda kwenye meza nyingine, labda nchi nyingine. Jicho lile nimelitunza, linanitazama kutoka kwenye rafu.

Vya ukijani ndivyo vilivyokuwa vingi, na hapo kazi ikaanza.

Tafuta kwanza vyenye upande ulionyooka. Hivyo ni vya ukingoni, na vyenye pande mbili zilizonyooka ni pembe nne. Unga fremu kabla ya kitu kingine chochote, maana fremu inajibu swali la pili. Picha nyingi za kiwandani hukatwa kwa safu na mistari, kama daftari la hesabu. Hesabu vipande vya upande mrefu, hesabu vya upande mfupi, zidisha. Fremu yangu ilikuwa na 27 kwa 19. Zidisha mwenyewe: 513. Usishangae kwamba haikuwa 500. Boksi linaloandikwa 500 mara nyingi lina 513, na la 1000 mara nyingi lina 1026, yaani 38 kwa 27, kwa sababu mkataji hutafuta vipande vinavyokaribia umbo la mraba, hata idadi ikizidi kidogo.

Baada ya hapo hesabu vyote ulivyonavyo, vya fremu na vya ndani. Polepole, kumi kumi, ukivipanga mafungu. Mimi nilipata 512. Nikarudia hesabu, nikapata 512 tena. Nikapekua mshono wa mfuko, nikakung'uta shuka, nikatazama chini ya kiti. Swali la tatu lilikuwa limejibiwa kabla picha haijaonekana: kimoja hakipo. Kuanzia dakika ile nilicheza nikijua kwamba tundu lipo mahali fulani linanisubiri, nami sijui kama ni angani, au majini, au usoni mwa mtu. Boksi jipya haliwezi kukupa mashaka matamu namna hiyo hata ulilipie kiasi gani.

Jihadharini na mtego mmoja. Kiwandani, picha hubandikwa juu ya kadibodi, halafu visu vya chuma vilivyopindwa kwa umbo la vipande hukandamizwa juu yake kwa mashine, picha nzima ikakatika kwa mara moja. Kutengeneza visu hivyo ni kazi ya gharama, kwa hiyo kiwanda hutumia visu hivyo hivyo kukatia picha nyingi tofauti. Matokeo yake ni kwamba kipande cha picha moja kinaweza kuingia barabara kwenye picha nyingine ya kiwanda hicho hicho. Yupo msanii wa Marekani, Tim Klein, ambaye kazi yake yote imesimama juu ya jambo hili. Anatafuta picha kuukuu zilizokatwa kwa visu vya aina moja, kisha anaunga nusu ya hii na nusu ya ile, ikatoka picha ya tatu ambayo hakuna kiwanda kilichowahi kuichora. Lakini kwenye mkeka wako jambo hilo lina maana hii: kipande kuingia si ushahidi kwamba ni pake. Hakikisha mstari unaendelea, na rangi inakubaliana na ya jirani.

Ndani ya fremu, anza na vitu vyenye sura: maandishi, madirisha, nyuso. Kwangu lilitokea kwanza dirisha lenye mbao za buluu, kisha la pili, kisha ukuta wa mawe, halafu kitu chekundu kilichonisumbua mpaka kikageuka kuwa ubavu wa mashua. Bandari ya wavuvi! Sijui ni ya wapi. Nyumba zimepanda kilima, nyavu zimeanikwa ukutani, mashua nyekundu iko mbele, nyeupe nyuma yake.

Anga huachwa mwisho, na anga ni ngumu kweli, kwa kuwa rangi haisaidii. Hapo panga kwa umbo: vyenye vichwa viwili na matundu mawili fungu lao, vyenye vichwa vitatu fungu lao, na kuendelea. Kisha acha mkono ufanye kazi. Baada ya muda vidole huanza kujua kabla ya macho. Unashika kipande, unakizungusha bila kufikiri, kinazama, na chini ya kidole gumba unausikia ule mguso mdogo wa kadibodi kukaa mahali pake. Nimeona watoto wasiotulia hata dakika wakikaa kimya mchana kutwa wakiutafuta mguso huo.

Tundu langu lilikuwa kwenye ncha ya mlingoti wa mashua nyeupe. Wapo watu ambao wangeitupa picha nzima jalalani kwa ajili ya hilo. Sikubaliani nao hata kidogo. Vipande 512 vilikuwa vimesafiri baharini pamoja na kufika salama, na kilichopungua ni kimoja.

Na kimoja kinatengenezwa. Penyeza karatasi nyeupe chini ya tundu, na kwa penseli iliyochongwa vizuri fuata ukingo wa tundu kwa ndani. Kata umbo hilo, libandike juu ya kadibodi ya boksi la dawa ya meno au la biskuti. Linganisha unene na vipande vya jirani. Kama ni chembamba ongeza tabaka. Kata kwa mkasi mdogo wa kucha, na ukate kikubwa kidogo kwanza, maana kupunguza ni rahisi kuliko kurudisha. Ukishakiingiza, chora. Mstari wa mlingoti uanzie pale jirani wa chini alipouachia, anga ishike rangi za jirani wa kushoto na wa kulia. Chetu alikichora mjukuu wangu, na juu ya mlingoti akaongeza kibendera cha njano ambacho sidhani mchoraji wa kwanza alikuwa nacho. Nyuma ya kipande akaandika jina lake.

Picha ilikaa mezani siku chache ikitazamwa na kila aliyeingia, kisha tukaibomoa pamoja. Tukaitia kwenye mfuko wa kitambaa uliofungwa kwa kamba, na ndani tukaweka kijikaratasi: vipande 513, kimoja kimechorwa kwa mkono. Mfuko tukawapa watoto wa jirani, nao wakatupatia wa kwao, uliojaa vipande vya kijani kibichi tupu. Nimeshavigeuza. Migongo yote ni myeupe, na pembe nimepata tatu.