Gharama ya kufika chuoni: kutoka Unguja na kutoka Mabamba

Mwaka 1891 Amur bin Nasur aliondoka Unguja kwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, chuo kilichoanzishwa mwaka 1887. Alikaa huko hadi 1895. Habari za maisha yake aliziandika mwenyewe, na mwaka 1894 zikachapwa katika mkusanyo wa Carl Büttner.

Je, kijana wa Mabamba, kule Buha mpakani mwa Burundi, angeweza kuandika habari kama hizo miaka hiyo? Tupige hesabu.

Siku za njiani

Kutoka Unguja hadi Berlin kwa njia ya Suez ni zaidi ya kilomita 8,000. Mfereji ulikuwa umefunguliwa mwaka 1869, na kwa meli ya moshi na treni safari ilichukua kama wiki nne. Hizo ni kilomita zipatazo 285 kwa siku.

Kutoka Mabamba hadi Bagamoyo kwa njia ya Tabora hazipungui kilomita 1,200. Msafara ulitembea kilomita 15 hadi 20 kwa siku. Ukienda 20 bila kupumzika ni siku 60, ukienda 15 ni siku 80. Huyu wa Buha, kwa takriban sehemu moja ya saba ya umbali, angetumia zaidi ya mara mbili ya siku. Na hapo angekuwa pwani tu.

Posho na hongo

Posho ya msafiri ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yaani kama gramu 700. Kwa siku 80 ni kilo 56. Mpagazi alibeba kilo 30 hivi, kwa hiyo chakula cha mtu mmoja tu kingehitaji karibu wapagazi wawili, nao pia wanakula. Ndiyo maana misafara haikubeba chakula cha safari nzima. Ilibeba nguo na shanga za kununulia chakula njiani, na bidhaa hizo zililiwa pia na hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi ya mtawala. Msafiri Stanley alipopita Buha mwaka 1871, mtawala mmoja alimdai nguo 100. Mwishowe alitoroka usiku na msafara wake ili kuwakwepa watawala waliokuwa mbele. Kijana asiye na bidhaa asingefika mbali, labda ajitwishe mzigo wa mwingine.

Nani alilipa?

Hapa ndipo penye kiini. Amur hakuitwa Berlin kwa hisani. Ujerumani ilihitaji maofisa wanaojua Kiswahili, na tangu 1890 serikali yake iliipa kampuni ya meli ya Afrika Mashariki ruzuku ya mark 900,000 kwa mwaka. Palipokuwa na haja, fedha ilipatikana.

Buha nayo ilifikiwa na fedha, lakini kwa haja nyingine. Reli ya Kati, kilomita 1,252 kutoka Dar es Salaam, ilifika Kigoma mwaka 1914, na safari ya miezi ikawa ya siku chache. Lakini katika miongo iliyofuata Waha wengi walioshuka pwani walikwenda kukata mkonge, wakiitwa manamba. Njia ilikuwa imefupishwa, ila aliyelipa alitaka mikono yao, hakutaka elimu yao. Umbali peke yake hauelezi kwa nini Unguja ina maandishi ya mwalimu msafiri na Mabamba haina.

Hesabu ya leo

Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kujenga kwa lami kilomita 260 kutoka Kabingo hadi Manyovu, kupitia Kibondo, wilaya yenye Mabamba, na Kasulu. Kasulu kuna chuo cha ualimu. Safari ya kwenda chuoni humo sasa ni nauli, chakula na daftari. Kamati za shule na wazazi wa Mabamba, wekeni safari hiyo katika bajeti ya mwaka, na kila mwanafunzi atakayekwenda aandike aliyoyaona. Lami bila nauli haimfikishi mtoto chuoni.