Ekari 49 za mlimani na muhuri wa mtu mmoja

Hekta 20. Hicho ndicho kiwango ambacho kanuni za ardhi za vijiji za mwaka 2001 zinaiachia halmashauri ya kijiji kumpa mwombaji mmoja. Kuanzia hekta 21 hadi 50 suala linapanda wilayani. Likizidi hapo linafika kwa Kamishna wa Ardhi. Kwenye mbuga za wafugaji, hekta 20 ni kipande tu. Sasa kipandishe kiwango hicho hadi Mhezi, juu huko Upare Kusini, wilayani Same. Hekta 20 ni ekari 49 na ushei. Mlimani, ambako familia nyingi huhesabu shamba kwa robo na nusu ekari, kahawa chini ya migomba na maharage pembeni, ekari 49 ni mashamba 98 ya nusu ekari. Hicho ni kitongoji kizima, na karatasi yake haina haja ya kufika wilayani.

Watu nao wanaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 269,807 wilaya ya Same. Ile ya 2022 ikahesabu 300,303. Ni nyongeza ya watu 30,496 katika miaka kumi, na mlima ni uleule.

Kwa hiyo kikomo cha hekta hakimlindi mtu wa mlimani. Kinachomlinda ni idadi ya watu wanaopaswa kukubali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iko wazi hapa: halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, haigawi ardhi wala haitoi hakimiliki ya kimila kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi. Halmashauri inaweza kuunda kamati ya kuishauri kuhusu ardhi, lakini kamati hiyo hainyimwi tu kura ya mwisho, haina uamuzi wowote. Uingereza wameshika njia nyingine: sheria yao ya serikali za mitaa ya 1972, kifungu cha 101, inaruhusu baraza kumkasimu ofisa wake madaraka, na mabaraza mengi huwaachia maofisa kununua na kuuza ardhi hadi kiasi fulani cha pauni. Kijiji cha Tanzania hakina ruhusa hiyo.

Kwenye sheria, yaani. Mitaani na vijijini hali ni nyingine, na ndiko ninakoumia. Karatasi ya mauzo huandikwa kwa kalamu kwenye ukurasa wa daftari: jina la muuzaji, jina la mnunuzi, mpaka wa juu mfereji, mpaka wa chini mstari wa masale, mashahidi wawili kila upande, dole gumba la mama mzee. Kisha inapelekwa ofisini, na kidau cha wino kinafunguliwa. Muhuri ukishagonga, kila mtu anaamini kijiji kimeamua. Hapana. Mwenyekiti na mtendaji wa kijiji husaini kwa sababu kijiji kimekwisha kuamua. Saini yao inafuata uamuzi, haiuzai. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema tangu 1985 kwamba ardhi ya kijiji haiuziki bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Mnunuzi aliyebeba muhuri bila muhtasari wa kikao amebeba wino tu.

Wanaotaka mtendaji amalize peke yake wana hoja moja nzito: muda. Halmashauri hukutana kila mwezi, mkutano mkuu kila miezi mitatu. Mwenye mgonjwa hospitali anayetaka kuuza robo ekari anaweza kusubiri siku 90. Naiheshimu hoja hiyo, tena sana. Ila tupige hesabu ya upande wa pili.

Tuseme kibarua cha shamba ni shilingi 8,000 kwa siku. Watu 300 wakikaa mkutanoni nusu siku, kijiji kimetoa nguvukazi ya shilingi 1,200,000. Mkutano ukipitia maombi kumi ya ardhi, kila ombi limegharimu 120,000. Sasa chukua kesi moja. Tangu marekebisho ya 2021, baraza la kata halihukumu tena migogoro ya ardhi. Linasuluhisha kwa siku 30, likishindwa watu wanashuka baraza la ardhi la wilaya. Safari 12 za nauli ya 10,000 kwenda na kurudi, na siku 12 za kazi zilizopotea: kila upande 216,000, pande mbili 432,000, kabla ya wakili na kabla ya kuwasafirisha mashahidi. Kesi tatu zikiepukwa, mkutano wote umelipwa na chenji imebaki. Na ile asilimia 10 inayodaiwa na baadhi ya ofisi kwa kila mauzo, ambayo haimo kwenye sheria ya ardhi? Shamba la milioni sita linaibeba 600,000. Ni nusu ya gharama ya kijiji kizima kukaa na kusikiliza.

Wapare wanalijua jambo hili kuliko wengi. Mwaka 1945 maelfu walishuka milimani hadi Same kupinga mbiru, kodi ambayo wachache walimkadiria kila mtu kiwango chake. Kulipa kodi walikuwa tayari. Hawakuwa tayari kupangiwa na mtu aliyejifungia na daftari.

Sheria inaitaka halmashauri itoe taarifa ya ardhi kila mkutano mkuu unapokaa. Isomwe kwa sauti: nani anauza, nani ananunua, mfereji gani, masale ya nani, hatua ngapi kwa ngapi, na jirani wa mpakani asimame aseme. Dakika tano kwa kila ombi. Maombi kumi ni dakika 50.