Kuopoa Samani Jaani: Raha Yake, Kazi Yake na Hatari Zake



Watu wa Mwakirunge, kule Kisauni, hawahitaji kuelezwa taka ni kitu gani. Jaa la Kibarani, karibu na Makupa, lilipofungwa mwaka 2018, malori ya taka ya Mombasa yalielekezwa kwao. Ndani ya malori hayo mna maganda, chupa na matambara. Lakini mara kwa mara mna pia kiti cha miguu mitatu, mlango wa kabati, au stuli isiyo na kosa lolote ila mwenyewe amenunua nyingine. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Aliyetupa stuli amekifuata kinyemi chake. Sisi hebu tukiangalie alichokiacha.

Kazi hii ina utamu wake, tusidanganyane. Unafuta vumbi kwenye meza iliyopakwa rangi mara tatu nne, unakwangua kidogo kwa kisu, na chini yake inatokea mbao ya mvule. Moyo unaruka kama wa mvuvi aliyehisi mshipi umevutwa. Lakini utamu huo huo ndio unaoponza. Mtu hubeba kila akionacho, na baada ya miezi sita ua wake umekuwa jaa la pili. Ndiyo maana kikundi kinahitaji macho ya kuchagua na daftari la hesabu.

SI HUKU KWETU TU

Mjini Boston, Marekani, kuna mtaa uitwao Allston wenye wanafunzi wengi. Mikataba mingi ya kupanga nyumba huko huanza tarehe 1 Septemba, basi watu huhama kwa pamoja na kuacha vitanda, meza na viti kando ya barabara. Wengine hupita wakiokota, na siku hiyo imepewa jina la "Krismasi ya Allston". Ujerumani nako watu huweka nje vitu vikubwa vya nyumbani siku ya kuchukuliwa, na wajanja hupita mapema kabla ya lori.

Hapa pwani yetu, mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walijenga jahazi liitwalo Flipflopi kwa taka za plastiki, likashushwa majini mwaka 2018. Lilitumia kiasi cha tani 10 za plastiki na ndara kuukuu zipatazo 30,000, na mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Kama ndara zilizotupwa zimefika Unguja, sembuse kabati la mbao?

KWA NINI MBAO KUUKUU INA THAMANI

Mnamo Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na bei ya mbao ikapanda. Fundi anajua jambo jingine: mbao iliyokaa ndani ya nyumba miaka ishirini imekwisha kukauka. Mbao mbichi ikitengenezwa haraka hupinda na kupasuka, lakini ile kuukuu imeshapinda kadiri ya kupinda kwake. Kwa hivyo hata kabati lisilotengenezeka laweza kutoa mbao nzuri za stuli mbili.

KIPI KICHUKULIWE, KIPI KIACHWE

Tazama ncha ya mbao, pale ilipokatwa. Ukiona mistari ya mti imepita mpaka mwisho, hiyo ni mbao halisi. Ukiona tabaka tabaka, ni plaiwudi. Yafaa kama tabaka hazijaachana. Ukiona chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, hiyo ni chipubodi. Ikishanyeshewa na kuvimba, iache. Haina dawa.

Kisha tikisa. Kiti kinachoyumba kisikutishe, kwa kawaida gundi tu imechoka. Lakini mguu uliovunjika pale pale unapoingia kwenye kiti ni kazi kubwa.

Chomeka ncha ya kisu kwenye miguu. Kikizama kama kwenye keki, mchwa wamekwisha kula. Ukiona vitundu vidogo, gonga mbao juu ya karatasi nyeupe. Unga mpya ukianguka, wadudu wangali kazini.

Magodoro na makochi ya kitambaa yaacheni kabisa. Kunguni hujificha ndani ya mishono na wanaweza kukaa miezi bila kula. Faida ya kochi moja haitoshi kulipia usingizi wa familia nzima.

JAA NI MAHALI PA MWISHO

Vikundi vingi vikisikia habari hii hufikiria kwenda moja kwa moja jaani. Hilo si jambo la busara, kwa sababu mbili.

Kwanza, kitu kikifika Mwakirunge kimesharushwa ndani ya lori, kimekandamizwa na kulowa maji machafu. Ni afadhali kukipata kabla ya safari hiyo: kwa anayehama nyumba Nyali au Bamburi, kwenye ofisi inayobadilisha madawati, kwenye hoteli inayofanya ukarabati. Nendeni mkajitambulishe, mwache namba ya simu, muwe watu wa kuaminika siku ya kubeba.

Pili, jaani kuna watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Wanaokota tangu alfajiri, kwenye moshi na harufu, na wanajua kila lori linatoka wapi. Kikundi kikiingia na mikokoteni yake kitawanyang'anya riziki. Afadhali kupatana nao: wao watenge mbao na samani, nyinyi mnunue kwa bei inayojulikana, pesa mkononi. Bei hiyo msiibane mpaka ikawa dhuluma. Aliyechomwa na msumari ili wewe upate meza ana haki ya fungu lake.

USIJE UKAITWA MWIZI

Jambo hili ni zito. Kijana anayesukuma mkokoteni wenye kabati saa moja jioni anaweza kupigiwa kelele za mwizi, na sote twajua kelele hizo huishia wapi. Kitu kilichowekwa nje ya geti si lazima kiwe kimetupwa. Labda kinaanikwa, au chasubiri fundi. Bisha hodi, uliza.

Kila mnapopewa kitu, andikeni hati fupi: tarehe, kitu gani, kimetolewa na nani, namba yake ya simu na sahihi. Anayebeba awe nayo mfukoni. Bebeni mchana. Na mzee wa mtaa aarifiwe mapema kwamba kikundi kinafanya kazi hii.

WADUDU, RANGI NA MISUMARI

Kitu kisiingie nyumbani siku ya kwanza. Kiwekwe nje, kipigwe brashi, na maji yanayochemka yamwagwe kwenye nyufa na viungo. Kunguni na mayai yao hawahimili joto hilo. Kisha kianikwe kivulini penye upepo mpaka kikauke vizuri, kwa maana mbao iliyolowa ikianikwa kwenye jua kali hupasuka.

Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto. Msiipige msasa ikiwa kavu. Iloweshwe, ikwanguliwe juu ya gazeti, uchafu ukusanywe, na watoto wakae mbali. Vipande vyenye rangi visiwe kuni za kupikia.

Oili chafu ya gari isipakwe kwenye samani za ndani. Na kila mfanyakazi awe na viatu vigumu na glavu, na apate chanjo ya pepopunda. Msumari wenye kutu hauna mzaha.

KURUDISHA UIMARA

Kosa kubwa la watu ni kupigilia misumari kwenye kiungo kinachoyumba. Msumari hupasua mbao, na baada ya wiki mbili kiti kinayumba tena. Njia nzuri ni kukifungua kiungo polepole, kukwangua gundi ya zamani yote, kupaka gundi mpya ya mbao, na kukirudisha. Gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu.

Kama hamna vibano, chukueni mpira wa tyubu ya baiskeli, mkate utepe mrefu, mzungushe kwenye kiti huku mkivuta kwa nguvu. Kiachwe usiku kucha. Kesho yake msasa, halafu vanishi mara mbili.

PIGENI HESABU YOTE

Tuseme meza imenunuliwa kwa shilingi 300, mkokoteni 200, gundi na msasa 250, vanishi 350. Jumla ni 1,100. Mkiiuza 2,200 mtasema mmepata faida mara mbili. Lakini ikiwa wanachama wawili wameifanyia kazi siku moja moja, na kibarua ni 700 kwa siku, hiyo ni 1,400 zaidi. Meza imewagharimu 2,500, nanyi mmepata hasara ya 300. Kazi ya mwanachama si bure kwa sababu tu ni ya mwanachama. Iandikwe.

Na si lazima kila kitu kiuzwe. Shule ya chekechea yenye watoto wanaokaa sakafuni, au mgonjwa asiye na kitanda, nao ni sehemu ya hesabu ya kijiji.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe tangu nyumbani. Yakifanyika hayo, mbao nzuri hazitafika jaani zimelowa. Kwa sasa, anzeni na kiti kimoja, mkimalize, ndipo mchukue cha pili.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Katika mtaa wetu, ni akina nani hutupa samani, na lini?
2. Nani kati yetu ana ufundi wa randa na msumeno wa kuwafundisha wengine?
3. Tutapatana vipi na wanaookota jaani ili nao wafaidike?
4. Tutaweka wapi vitu ambavyo havijatengenezwa, na tutaruhusu vingapi kwa wakati mmoja?