Ukienda Meru kwa Siku Mbili, Chukua Sweta

Mara nyingi mtu hupata safari ya ghafula ya kwenda mahali asipopajua. Pengine ni arusi ya rafiki, pengine ni matanga, pengine ameitwa mahojiano ya kazi, au mtoto wake amepata nafasi katika chuo na mzazi hana budi kumpeleka. Safari ya namna hiyo huwa ya siku mbili au tatu, na kwa kuwa ni fupi, kosa dogo la asubuhi laweza kuharibu nusu ya safari nzima. Makala haya ni kwa ajili ya msafiri huyo, ikiwa njia yake ni ya Embu na Meru, upande wa mashariki wa Mlima Kenya.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba Meru unayoiendea ndiyo Meru uliyoitiwa. Msomaji asicheke. Karibu na Arusha, katika Tanzania, uko mlima uitwao Meru, wenye urefu wa mita zaidi ya 4,500, na wenyeji wa miteremko yake nao huitwa Wameru. Hao si hawa. Hata ndani ya Kenya jina hilo huwapoteza watu. Mbuga ya Wanyama ya Meru, ambako Joy na George Adamson walimrudisha porini simba wao Elsa, haiko mjini. Iko mbali upande wa mashariki, ng'ambo ya milima ya Nyambene, kupita Maua. Mgeni anayefika mjini jioni akidhani ataona simba baada ya kunywa chai ataona pikipiki tu, nazo zitamnguruma vya kutosha.

Sasa tuje kwenye sweta. Mwandishi wa makala haya alikwenda Meru mara ya kwanza katika mwezi wa Julai. Nilikuwa nimeona katika ramani ya shule kwamba mstari wa Ikweta unapita kusini kidogo tu ya mji wa Meru, nami nikajiambia kwamba mahali palipo karibu na Ikweta hapawezi kuwa na baridi. Nikachukua mashati mawili mepesi. Usiku wa kwanza, katika nyumba moja ya wageni, nililala nimevaa mashati yote mawili, suruali na soksi, na taulo nimeizungusha shingoni. Asubuhi mama aliyeleta chai alinitazama akaniuliza kwa upole kama ninaumwa.

Kosa langu lilikuwa hili. Ikweta haitoshi kulipa joto jimbo lililo juu sana kutoka usawa wa bahari. Mji wa Embu uko kiasi cha mita 1,350 juu ya bahari, na mji wa Meru umezidi mita 1,500. Kwa kadiri mtu anavyopanda, kila mita 1,000 hupunguza joto kwa digrii 6 hivi. Basi mtu aliyetoka Mombasa akafika Meru ameacha nyuma yake digrii 9 au zaidi, na hizo ndizo alizokuwa akizitegemea usiku. Tena tangu Juni mpaka Agosti mawingu ya chini hukaa juu ya miteremko hii siku nyingi, manyunyu huanguka, na jua huonekana kwa muda mfupi kama mgeni mwenye haraka. Mtu anayetoka Nairobi hatashtuka sana, lakini wa Mombasa, wa Garissa au wa Kisumu na achukue sweta nzito hata kama wenzake nyumbani watamcheka.

Katika nchi hii mlima ndio unaopanga saa. Jua hili, na safari yako imekwisha kuwa rahisi nusu. Alfajiri, kama hakuna ukungu, kilele cha Batian chenye urefu wa mita 5,199 huonekana wazi, hasa kutoka upande wa Embu na Chuka. Ifikapo saa tatu au saa nne mlima umekwisha kujifunika. Jua linapopasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda. Ikifika juu hupoa, na ule unyevu hugeuka kuwa mawingu. Katika majira ya mvua mawingu hayo hushuka alasiri yakiwa maji. Hali kadhalika pepo zitokazo Bahari ya Hindi hukutana na upande huu wa mashariki kwanza na kuacha mvua yao hapa. Ndiyo sababu Embu na Meru zina chai, kahawa na ndizi, na huku Nanyuki, iliyo nyuma ya mlima, ni kavu zaidi. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, Machi mpaka Mei, na tena Oktoba mpaka Desemba. Watu wengi hudhani zile za kwanza ndizo kubwa, kama ilivyo katika sehemu nyingine za Kenya, lakini huku Meru zile za Oktoba huwa nzito kuliko hizo.

Basi shughuli yako ifanye asubuhi. Kama una barua ya kupeleka ofisini, ipeleke mapema. Kama unataka kununua vitu katika soko la Gakoromone, nenda wakati ndizi na viazi vinashushwa, nawe utapata vizuri na utachagua. Mgeni anayelala mpaka saa nne, akanywa chai polepole, kisha akatoka na viatu vyeupe saa nane mchana katika mwezi wa Novemba, atarudi na viatu vyekundu. Udongo wa miteremko hii ni mwekundu kweli kweli, nao hupenda wageni.

Njia za kwenda huko kutoka Nairobi ni mbili. Moja hupita Karatina, Nanyuki na Timau, ikiuzunguka mlima kwa magharibi na kaskazini; huko ni juu zaidi, kuna mashamba ya ngano, na baridi yake ni kali kupita ile niliyoeleza. Nyingine hupita Thika na Mwea, ikafika Embu, halafu Runyenjes, Chuka na Nkubu, mpaka Meru. Hiyo ya pili ndiyo tutakayoieleza, kwa kuwa inapita miji yote miwili.

Ukifika Mwea utaona mashamba ya mpunga pande zote, na wauzaji watakuja dirishani na mchele wa pishori. Ushauri wetu ni kwamba usinunue sasa. Nimemwona bwana mmoja akibeba kilo 10 za mchele kutoka Mwea mpaka Meru, akazipeleka arusini kwa kukosa mahali pa kuziweka, akaonekana kana kwamba ameambiwa hapatakuwa na chakula. Ngoja urudi.

Embu ni mji mtulivu. Ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki mpaka kaunti zilipoanza mwaka 2013, na bado una tabia ya mji wa maofisi, miti mingi na watu wanaotembea na makaratasi. Hoteli yake ya zamani, Izaak Walton, ina jina la Mwingereza aliyeandika kitabu juu ya uvuvi wa ndoana katika karne ya 17. Huenda mgeni akashangaa jina hilo limefikaje mlimani. Wazungu walitia samaki aina ya trauti katika mito baridi ya mlima huu, wakawa wanakuja kuvua, na hoteli ikapata jina la mvuvi wao mashuhuri. Kama una saa moja, kunywa chai Embu, unyooshe miguu, kwa maana sehemu iliyobaki yataka mwili uliopumzika.

Toka Embu mpaka Meru ni kilomita zaidi ya 100, na mtu akiitazama ramani atasema ni mwendo mfupi. Lakini mito mingi hushuka kutoka mlimani kuelekea mto Tana, nayo yote huikata njia hii kwa mapana. Kuna Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, Thingithu, na Kathita ulio Meru penyewe, bila kuhesabu mito midogo. Kila mto umechimba bonde lake. Kwa hiyo barabara hushuka bondeni, huvuka daraja, hupanda upande wa pili kwa kona, kisha hushuka tena. Mwenye tumbo jepesi asile mayai manne kabla ya Runyenjes.

Hapa naomba kuacha mzaha kidogo. Mteremko wa daraja la Nithi, katika Kaunti ya Tharaka-Nithi, umeua watu wengi kwa miaka mingi. Jioni moja ya Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia bondeni hapo, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mteremko ni mrefu, kona iko chini, na gari zito ambalo dereva wake ametegemea breki tu huweza kufika pale breki zikiwa zimekwisha kupata moto na kupoteza nguvu. Dereva mwema huteremka kwa gia ndogo tangu juu. Msafiri hashiki usukani, lakini anayo mambo ya kufanya. Achague gari la asubuhi wala si la usiku. Akatae kuketi mahali pasipo na kiti. Afunge mkanda. Na dereva akienda mbio mno, abiria na waseme naye, wote kwa pamoja. Mtu mmoja akisema huitwa mwoga, lakini gari zima likisema dereva husikia. Usione haya. Utakuwa huko siku mbili tu, na kama watakuita mwoga hawajui jina lako.

Mkiwa njiani mtapitwa na pikapu zinazokimbia kama zimefukuzwa, zimejaa magunia. Hizo ni gari za miraa. Miraa hutoka Igembe na Tigania katika milima ya Nyambene, hufungwa kwa majani ya mgomba ili isikauke, na siku mbili hivi baada ya kuchumwa nguvu yake imepungua na bei yake pia. Kwa hiyo kila saa ni fedha. Uingereza ilipoifunga soko lake mwaka 2014, wakulima wengi wa huko waliumia. Gari hilo likitaka kukupita, liache lipite.

Ukipewa miraa na mwenyeji wako, jua kwamba umepewa heshima, kwa kuwa miraa hutumiwa hata katika mambo ya posa. Pokea kwa mikono miwili, ushukuru. Kuitafuna ni shauri lako, lakini kama kesho asubuhi una mahojiano ya kazi, usiitafune usiku huu, maana itakukesha macho mpaka majogoo, nawe utakwenda kujibu maswali ukiwa umechoka na umejaa maneno. Tena usichanganye miraa na muguka. Miraa ya Meru ni vijiti, na muguka wa Embu, hasa wa upande wa Mbeere, ni majani. Mtu wa Pwani na awe na hadhari ya kubeba muguka kurudi nao, kwa kuwa Mei 2024 kaunti za Mombasa na Kilifi ziliupiga marufuku, na shauri likapelekwa mahakamani. Beba ndizi, hazina kesi.

Juu ya watu wenyewe, imesemwa mara nyingi kwamba Wameru ni wakali. Mimi naona ni watu wanaosema jambo moja kwa moja bila kulizunguka, na mgeni aliyezoea maneno ya taratibu ya Pwani hudhani anagombezwa kumbe anaelekezwa dukani. Salamu huondoa shaka hiyo. Huko Meru sema "Muga", nao watakujibu "Muga", kisha endelea kwa Kiswahili. Huko Embu waulize "Wimwega?" Mzee mwite mzee na mama mwite mama, wala usianze kuuliza njia kabla ya kusalimu, salamu huchukua nusu dakika, na aliyesalimiwa vizuri mara nyingi hukusindikiza mpaka mlangoni.

Na kama umetoka Pwani, jiandae kwa swali moja. Katika masimulizi ya kale ya Wameru, mababu zao waliishi mahali paitwapo Mbwaa, kisiwani karibu na bahari, chini ya mabwana walioitwa Nguo Ntune, yaani watu wa nguo nyekundu, mpaka wakatoroka usiku wakavuka maji. Wako wanaosema Mbwaa ni kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Mzee akijua umetoka Lamu, huenda akakuuliza kwa uso mkavu kabisa kama umetumwa kuwarudisha. Mjibu kwamba umekuja peke yako, na boti imeharibika. Atacheka, na chai utaletewa. Ukipata nafasi, pita pia katika makumbusho ya mji, ndani ya jengo la mawe lililokuwa ofisi ya Bwana DC.

Siku ya kurudi, panda gari la kwanza la alfajiri. Ukitoka Meru kwenda Embu mlima uko upande wa kulia, kwa hiyo tafuta kiti cha dirishani nyuma ya dereva, naye kondakta akikwambia mbele kuna nafasi nzuri zaidi, mshukuru ukae hapo hapo. Kati ya Chuka na Runyenjes, mawingu yakikuhurumia, utaviona vilele na theluji kidogo iliyobaki. Kisha lala usingizi mpaka Mwea, ununue mchele wako.