Kisa Kimoja Chaweza Kushinda Makatazo Kumi

Mama mmoja mwenye kisukari aenda kliniki. Huko apewa makatazo: soda asinywe, sukari asitie, wanga apunguze, pekupeku asitembee. Aitikia "ndiyo" kwa kila neno, kwa kuwa si adabu kubishana na daktari. Arudipo nyumbani, akuta mke wa mwanawe amemwandalia sahani kubwa ya ugali na chai tamu ya kumkirimu. Je, aikatae? Hilo hakufundishwa.

Ndugu msomaji, hapo ndipo hadithi inapohitajika. Wazee wetu walitufunza adabu kwa ngano za Sungura na Fisi, jioni, kando ya moto. Msikilizaji wa kisa humwona mtu aliyepatwa na shida kama yake, akajifunza namna ya kujinasua.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa. Katika eneo la Newham, mashariki mwa London, wanakaa watu wengi wenye asili ya Asia ya Kusini, nao wamesumbuliwa mno na kisukari. Profesa Trisha Greenhalgh na wenzake waliunda vikundi ambamo wagonjwa walisimuliana visa kwa lugha zao wenyewe. Mwaka 2011 walitoa matokeo ya kulinganisha vikundi hivyo na mafunzo ya kawaida. Wasimulizi walihudhuria zaidi, na walijiona wana uwezo zaidi wa kuishi na ugonjwa wao. Lakini kipimo cha sukari katika damu hakikutofautiana baina ya pande hizo mbili. Basi tuwe na kiasi: hadithi humleta mtu barazani na kumfungua kinywa, dawa, mlo na vipimo vyabaki na kazi yake.

Iko pia hofu ya sindano ya insulini. Husemwa kwamba aliyedungwa hafiki mbali, kumbe mara nyingi mgonjwa huyo alicheleweshwa mno. Hofu hiyo haiondoki kwa kukemewa. Na asimuliwe kisa cha kweli cha Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyelazwa hospitali mjini Toronto, Kanada, amebaki mifupa mitupu. Januari 1922 alidungwa insulini, akiwa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwayo. Sindano ya kwanza haikumfaa, kwa kuwa dawa haikuwa safi. Ilipotakaswa alipata nafuu, akaishi miaka 13 zaidi.

Viongozi wa vikundi vya akina mama wafanye hivi. Wakae duara pamoja na muuguzi. Mmoja asimulie, kwa mfano: "Nilikanyaga mwiba nisiusikie, siku ya tatu nikaona usaha." Wenzake waulizwe: angefanya nini? Wakishajibu, muuguzi aeleze kwamba kisukari hutia miguu ganzi, kwa hiyo itazamwe kila jioni, na kidonda, hata kiwe kidogo, kipelekwe zahanati. Akitokea wa kusifu mizizi na kuacha dawa, muuguzi amsahihishe papo hapo, kwa upole. Siri ya mtu isitoke nje ya duara.

Na yule mke wa mwana aalikwe pia. Akisikia kisa cha chai kutoka kinywani mwa mama mwingine, ataelewa pasipo mkwewe kumkatalia ukarimu wake. Kesho yake kikombe kitaletwa, na heshima ile ile, bila sukari.